Mkwepaji si aina ya mtu

Siku hizi uchumba hauvunjwi na tabia, unavunjwa na "mtindo". Mtu akichelewa kujibu ujumbe, akiomba siku mbili za kuwa peke yake, akinyamaza katikati ya ugomvi, jina lake liko tayari: mkwepaji. Anayeuliza mara tatu kwa siku kama bado anapendwa naye ana lake: mwenye wasiwasi. Video za dakika moja zinafundisha dalili, maswali kumi ya mtandaoni yanatoa jibu papo hapo, na wapo wanaoandika mtindo wao kwenye wasifu wa programu za kutafuta wachumba, mahali pale pale ambapo wengine huandika nyota zao. Lugha ya watafiti wa saikolojia ya watoto, iliyokaa maktabani kwa miongo kadhaa, imeingia mitaani na kuwa lugha ya kuachana.

Sina ugomvi na kuingia kwake mitaani. Nina ugomvi na kilichodondoka njiani. Nadharia ya mfungamano, kama watafiti wake walivyoifikisha hadi leo, haisemi kuna makabila manne ya watu, moja la kuoa na matatu ya kukimbia. Inaeleza mtu anatarajia nini kutoka kwa mwenzake pale anapoingiwa na hofu, na anafanya nini kutokana na matarajio hayo. Matarajio hayo yana viwango vya chini na vya juu, hubadilika kutoka uhusiano mmoja hadi mwingine, na hujengwa na watu wawili, jambo ambalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Anayeichukua nadharia hii ili kumpachika mwenzake jina na kumfungia jalada amegeuza kipimo kuwa hukumu, na tena hukumu iliyotolewa na mlalamikaji mwenyewe.

Turudi nyuma kidogo. John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, alianza kushughulika na watoto waliotenganishwa na wazazi wao tangu miaka ya 1940. Maelezo yaliyotawala wakati ule yalikuwa kwamba mtoto humng'ang'ania mama kwa sababu mama ndiye chakula. Bowlby alikataa. Kiumbe anayezaliwa dhaifu namna ile, alisema, lazima awe na mfumo wa kumweka karibu na mlinzi wake, na mfumo huo una kazi yake wenyewe hata tumbo likiwa limeshiba. Mary Ainsworth, aliyefanya kazi naye London, alifika Uganda mwaka 1954 na kutembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi ipatayo tisa. Inafaa kulikumbuka hilo kila mtu anaposema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, kwa maana uchunguzi wa mwanzo kabisa wa nadharia hii ulifanyika kwenye sebule za akina mama wa Kiganda. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, alibuni jaribio lililompa umaarufu: chumba kigeni, mtoto wa mwaka mmoja hivi, mama anatoka, mgeni yupo, mama anarudi, yote ndani ya dakika kama 20. Kilio cha mtoto mama akitoka hakikuwa jambo kuu. Jambo kuu lilikuwa kile anachofanya mtoto mama akirudi. Wako waliomkimbilia, wakatulia, wakarudi kuchezea vitu vyao. Wako waliomkimbilia na papo hapo kumsukuma kwa hasira, wasitulie. Na wako waliogeuza uso kama vile hakuna aliyeingia.

Daraja la kutoka kwa mtoto kwenda kwa wapenzi lilijengwa mwaka 1987, na lilijengwa na gazeti. Mwaka huo Cindy Hazan na Phillip Shaver walitoa matokeo ya "jaribio la mapenzi" walilokuwa wamelichapisha katika Rocky Mountain News la Denver: aya tatu fupi, kila moja ikieleza namna mtu anavyojisikia akiwa karibu na wengine, na msomaji achague inayomfaa. Zaidi ya nusu walichagua aya ya usalama, kama robo wakachagua ya kukwepa, na kama mmoja katika kila watano ile ya wasiwasi. Kwa hiyo tusiwacheke sana wanaojibu maswali ya mtandaoni. Elimu hii yenyewe, kwa upande wa mapenzi, ilizaliwa na chemsha bongo ya gazetini. Tofauti ni kwamba watafiti waliendelea kutembea. Mwaka 1991 Kim Bartholomew na Leonard Horowitz waliigawa kambi ya wakwepaji mara mbili: wale wasiouona umuhimu wa ukaribu, na wale wanaoutamani lakini wanauogopa. Mwaka 1998 Shaver huyo huyo, pamoja na wenzake wawili, alikusanya hojaji zote zilizokuwepo na kukuta kwamba chini yake kuna mizani miwili tu: unahofu kiasi gani kuachwa, na unajisikia vibaya kiasi gani kumtegemea mtu. Mwaka huo huo Chris Fraley na Niels Waller walipima kama kweli kuna aina zinazojitenga, na hawakuziona. Waliona watu waliotawanyika kwenye mizani, wengi wakiwa katikati. Mwanzilishi alishaviacha visanduku vyake mwishoni mwa karne iliyopita. Sisi tumeviokota na kuvipaka rangi upya.

Sasa, mfumo huu unafanya kazi vipi kati ya wapenzi wawili? Uchukulie kama king'ora. Katika siku ya kawaida hakilii, na watu wenye alama tofauti kabisa kwenye ile mizani miwili wanaweza kuonekana sawasawa: wanacheka, wanapanga mambo, wanaitana majina ya mahaba. King'ora hulia kukiwa na tishio, ama kutoka nje (ugonjwa, kufiwa, kazi kuyumba), ama kutoka ndani ya uhusiano wenyewe (umbali, ugomvi, jina la mtu mwingine kutajwa mara mbili jioni moja). Mwenye matarajio ya usalama humwendea mwenzake, husema kinachomsumbua, hutulizwa, kisha huendelea na maisha yake. Lakini mtu aliyezoea majibu ya leo ndiyo kesho hapana hujifunza kupandisha sauti ya king'ora, kwa sababu ukilia sana wakati mwingine unasikilizwa. Na aliyezoea kwamba kuomba ni kujidhalilisha hujifunza kukizima. Kila mmoja kati ya hawa amepiga hesabu yake kutokana na aliyoyaona. Hesabu inaweza kuwa imepitwa na wakati, lakini ilipopigwa haikuwa ya kijinga.

Anayepandisha sauti ndiye anayesoma ujumbe wenye neno moja, "sawa", kwa dakika kumi. Anauliza kama kuna tatizo, anajibiwa hakuna, anauliza tena kwa sababu jibu lilikuja haraka mno. Anatishia kuondoka akitumaini kuzuiwa mlangoni. Anataja kwa makusudi mtu aliyemsifia kazini. Mwaka 2005 Lorne Campbell na wenzake walichapisha utafiti ambao ndani yake wapenzi waliandika shajara kwa siku 14, kila mmoja peke yake: wenye alama za juu za wasiwasi walihesabu migogoro mingi kuliko wenzao waliokuwa nao katika siku zile zile, na waliona kila mgogoro una uzito zaidi kwa mustakabali wa uhusiano. Jambo la kusikitisha ni kwamba mbinu hizi hudai uthibitisho kwa namna ambayo huuondolea thamani. Neno "nakupenda" lililovutwa kwa nguvu halimtulizi aliyelivuta, maana anajua kwamba alilivuta.

Anayezima king'ora ndiye asiyeeleweka zaidi, na hapa ndipo video za dakika moja zinapopotosha vibaya. Zinamchora kama mtu asiye na haja ya mtu. Tazama jaribio la Jeffry Simpson, Steven Rholes na Julia Nelligan la mwaka 1992. Walialika wapenzi maabara, wakamwambia mwanamke kwamba muda si mrefu atapitia jambo ambalo huwatia watu wengi hofu, wakamwonyesha chumba cheusi kisicho na dirisha chenye mitambo, kisha wakamwacha asubiri pamoja na mpenzi wake huku kamera ikiwarekodi. Kwa wanawake wenye usalama, kadiri hofu ilivyopanda ndivyo walivyosogea kwa wapenzi wao. Kwa wenye ukwepaji, hofu ikiwa ndogo hawakuwa na tatizo lolote la kusogea. Ilipopanda, ndipo waliporudi nyuma. Wanaume walionyesha sura ya pili ya sarafu hiyo hiyo: wenye ukwepaji walitoa faraja kidogo zaidi kadiri mwanamke alivyoogopa zaidi. Mwaka huo huo Mary Dozier na Roger Kobak waliwahoji watu kuhusu kutengana na wazazi wao utotoni huku wakipima jasho la ngozi. Waliokuwa wakipuuza umuhimu wa mambo hayo ndio ambao ngozi zao zilionyesha msukosuko ukipanda. Kwa hiyo haja ipo. Kilichokosekana ni imani kwamba haja hiyo ikionyeshwa itapokelewa.

Ukilielewa hilo, malalamiko fulani yanayorudiwa kila siku yanapata maelezo. "Mwanzoni alikuwa mzuri, sijui kilimpata nini." Hakikumpata kitu, mwanzoni hakukuwa na tishio. "Nilipougua ndipo aliponikimbia." Ndiyo, kwa sababu ugonjwa ndio hali inayodai zaidi ukaribu ambao yeye amejizoeza kuushuku. Kueleza si kusamehe, na mgonjwa aliyeachwa peke yake ana haki yote ya kukasirika. Lakini anayedhani aliachwa kwa sababu hakupendwa na anayejua kwamba aliachwa kwa sababu mwenzake alishikwa na hofu wanakabiliana na matatizo mawili tofauti, na la pili angalau linaweza kuzungumzwa.

Waweke hawa wawili nyumba moja na utaona densi ambayo washauri wa ndoa wanaijua kwa macho yaliyofumbwa. Mmoja anafuata, mwingine anarudi nyuma. Andrew Christensen na Christopher Heavey waliandika kuhusu mwenendo huu wa kudai na kujitenga tangu mwaka 1990, na kitu kimoja walichokiona kinastahili kurudiwa: nafasi hazikuwa zimegandishwa. Suala likiwa ni badiliko analolitaka mwanamke, yeye alidai na mume akajitenga. Suala likiwa la mume, tofauti hiyo ilipungua sana. Anayefuata anasema, "Nisipomfuata hatutaongea milele." Anayerudi nyuma anasema, "Asiponifuata ningetoka mwenyewe." Kila mmoja anaona ushahidi mbele ya macho yake, na ushahidi huo ameutengeneza mwenyewe kwa nusu. Ukimpa mmoja wao jina la ugonjwa na mwingine jina la mhanga, umeikata densi katikati, na nusu uliyobaki nayo haieleweki tena.

Niwatendee haki watetezi wa lugha hii mpya, kwa sababu hoja yao kuu ni nzito. Majina huondoa aibu. Mtu aliyeitwa king'ang'anizi maisha yake yote, akagundua kwamba hofu yake ina mantiki na ina historia, hupata nafasi ya kupumua kabla hajatuma ujumbe wa saba. Mtu aliyeambiwa ana moyo wa jiwe hujua kwamba ule ubaridi unaomjia katikati ya ugomvi ni mazoea ya zamani, na yeye mwenyewe yuko mbali na kuwa jiwe. Nimewaona watu waliopata faida hiyo. Lakini angalia vizuri faida ilipopatikana: ilipatikana pale mtu alipojipima mwenyewe. Hoja nyepesi ya watetezi hao ni ile nyingine, kwamba ukijua mtindo wa mwenzako mapema utajua uhusiano utaishia wapi. Hiyo ina mapengo.

Pengo la kwanza ni utoto. Tunaambiwa kwamba kilichoandikwa na mama hakifutiki, na sisi tunaoongea Kiswahili tunaimeza hoja hiyo bila kutafuna, kwa kuwa tulishalelewa na "samaki mkunje angali mbichi" na "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". (Methali zetu zenyewe hazikubaliani, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haujawahi kufunga shule.) Takwimu ziko karibu zaidi na methali ya tatu. Fraley alipounganisha tafiti zilizofuatilia watu kutoka utotoni, katika uchambuzi wake wa mwaka 2002, uhusiano kati ya usalama wa mtoto wa mwaka mmoja na wa baadaye ulikuwa kama 0.39 (0 ikiwa hakuna uhusiano wowote, 1 ukiwa kamili), kiwango kinachoonyesha kwamba mwanzo una sauti lakini hauna kauli ya mwisho. Uchambuzi mwingine mkubwa wa mwaka 2013, wa Martin Pinquart na wenzake, haukukuta uthabiti wa maana pale muda kati ya vipimo ulipozidi miaka 15. Na William Chopik na wenzake, waliounganisha takwimu za watu kuanzia umri wa miaka 13 hadi 72, waliripoti mwaka 2019 kwamba wasiwasi hupungua umri unavyosonga, hasa kuanzia umri wa makamo, na kwamba kuwa kwenye uhusiano kunaendana na viwango vya chini vya wasiwasi na ukwepaji pia.

Wala si lazima kusubiri miongo. Mark Baldwin na Beverley Fehr walionyesha mwaka 1995 kwamba karibu asilimia 30 ya watu hubadilisha kisanduku wanachokichagua wakiulizwa tena baada ya muda mfupi. Mimi mwenyewe nilijibu hojaji moja mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza nilitoka mkwepaji wa kutisha. Mara ya pili nilikuwa salama kiasi cha kuchosha. Sikuwa nimetibiwa popote. Aliyekuwa upande wa pili wa meza ndiye aliyebadilika.

Pengo la pili ni ile imani kwamba mwenye wasiwasi na mkwepaji hawawezi kudumu. Lee Kirkpatrick na Keith Davis waliwafuatilia wapenzi 354 kwa miaka mitatu na kuchapisha matokeo mwaka 1994. Wanaume wakwepaji walio na wanawake wenye wasiwasi walidumu kwa kiwango kilichowashangaza watafiti wenyewe, ingawa hawakuusifia uhusiano wao. Mpangilio wa kinyume, mwanamke mkwepaji na mwanamume mwenye wasiwasi, ndio uliovunjika kwa wingi. Kama mtindo ungekuwa hatima, kubadilishana jinsia kusingebadilisha kitu. Kilichobadilika ni nani anatarajiwa na jamii kuushikilia uhusiano usianguke, na jambo hilo halimo kwenye hojaji yoyote ya mitindo. Aidha, kudumu si kuwa na furaha. Hata anayetabiri mwisho itabidi aseme kwanza anatabiri mwisho upi.

Wapo pia wanaotaka kuitupa nadharia nzima. Wengine husema ni visingizio vya watu wasiotaka kuwajibika, wengine kwamba ni kioo cha familia za Kimarekani. Hoja ya pili ndiyo dhaifu zaidi. Mbali na Uganda, Marinus van IJzendoorn na Pieter Kroonenberg walikusanya mwaka 1988 majaribio ya chumba kigeni kutoka nchi nane, karibu watoto 2,000, na tofauti ndani ya nchi moja ilikuwa kama mara moja na nusu ya tofauti kati ya nchi na nchi. Kuna hoja ya tatu ambayo wapinzani hawaitumii vya kutosha, nami nawaazima: vipimo vyenyewe havikubaliani. Kuna shule inayotumia mahojiano marefu kuhusu utoto, na kuna shule inayotumia hojaji kuhusu mpenzi. Glenn Roisman na wenzake walipolinganisha mwaka 2007, uhusiano kati ya vipimo hivyo viwili ulikuwa 0.09, yaani karibu na hakuna. Hiyo haimaanishi kwamba vyote ni uongo, maana kila kimoja kinatabiri mambo fulani. Inamaanisha kwamba anayekueleza kwa uhakika kuwa wewe ni mkwepaji wa mapenzi kwa sababu ya baba yako ameunganisha vitu viwili ambavyo maabara imeshindwa kuviunganisha.

Kama uzito mkubwa hauko kwenye mtindo wa mtu, uko wapi? Mwaka 2020 Samantha Joel, Paul Eastwick na watafiti wengine wengi waliunganisha tafiti 43 zenye jozi 11,196 za wapenzi na kuiachia kompyuta itafute kinachoeleza ubora wa uhusiano. Tabia za mtu binafsi, mfungamano ukiwemo, zilieleza hadi asilimia 21 ya tofauti za ubora wakati utafiti ulipoanza. Mambo ya uhusiano wenyewe, kama vile kuona kwamba mwenzako amejitoa, kuthaminiwa, kuridhika kimapenzi na namna mnavyogombana, yalieleza hadi asilimia 45. Wasiwasi na ukwepaji vilikuwa miongoni mwa tabia binafsi zenye nguvu zaidi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvidharau. Ila vilishindwa na kitu ambacho hakina mmiliki mmoja. Na taarifa alizojaza mwenzi kuhusu nafsi yake ziliongeza kidogo sana juu ya zile za mhusika. Yule unayehangaika kumchunguza usiku kwa kutazama video anaeleza furaha yako kidogo kuliko unavyodhani. Kinachoieleza zaidi ni unavyouona uhusiano.

Nina shaka na matumizi mawili hasa ya majina haya. La kwanza ni la wapenzi walioachwa. Wengi wanaopewa jina la mkwepaji hawapo chumbani kujitetea, wameshaondoka. Mtu aliyekutana nawe mara nne na kukoma kupiga simu huenda hana mtindo wowote wa kuchunguzwa. Hakukutaka, basi. Sentensi hiyo ni fupi na inauma, na nadhani ndiyo sababu watu huifunika kwa istilahi: aliyekataliwa na "mkwepaji" ameshindwa na utoto wa mtu mwingine, lakini aliyekataliwa na mtu mzima mwenye akili zake ameshindwa yeye. Ukwepaji unaozungumzwa na watafiti hupimwa ndani ya mahusiano ya watu waliofungamana. Mahali ambapo mfungamano haujaota hakuna cha kukwepa.

La pili ni hatari zaidi. Jina likishakuwa kitambulisho, linageuka kibali. "Mimi ndivyo nilivyo, nivumilie." Kwa upande mwingine anayeumizwa huambiwa avumilie kwa kuwa mwenzake ana majeraha. Kupigwa, kudhibitiwa fedha, kufichiwa simu kwa miezi si mitindo ya mfungamano. Ni kweli watafiti wameona uhusiano kati ya wasiwasi mkubwa wa kuachwa na baadhi ya matendo ya kudhibiti, lakini uhusiano wa kitakwimu haumwondolei mtu wajibu wa mkono wake. Anayehitaji kuondoka aondoke, na hahitaji kwanza kumaliza kusoma kuhusu utoto wa anayemkimbia.

Kwa waliobaki ambao hawana hatari bali wana densi tu, utafiti una jambo la maana la kuwaambia. Nickola Overall, Simpson na Helena Struthers walichapisha mwaka 2013 utafiti uliowarekodi wapenzi wakijadili badiliko ambalo mmoja alimtaka mwenzake alifanye. Wenye ukwepaji walipandwa na hasira na kujitenga kama ilivyotarajiwa, isipokuwa pale mwenzao alipolegeza: alipokubali kwamba uamuzi ni wao, alipotambua walichokwisha kufanya, alipopunguza shinikizo. Hapo hasira na kujitenga vilipungua, na tatizo lilijadiliwa vizuri zaidi. Kwa mwenye wasiwasi dawa ni ya namna nyingine: uthibitisho unaokuja kabla haujaombwa, na ratiba inayotabirika kuliko zawadi kubwa zinazokuja kwa kushtukiza. Hakuna siri kubwa hapo, lakini angalia kile kinachodaiwa. Anayelalamika kuhusu mtindo wa mwenzake anaombwa abadilishe hatua yake mwenyewe kwenye densi, na ni ombi gumu, hasa kwa mtu aliyechoka. Sidhani ni haki kumtwisha mmoja peke yake kwa miaka. Linapokuwa la upande mmoja tu, mazungumzo yanayofuata ni kuhusu usawa katika uhusiano, na mtindo hauhusiki tena.

Fraley na wenzake walitoa mwaka 2011 hojaji inayoonyesha jinsi watafiti walivyohama kutoka kwenye aya tatu za gazetini. Ina kauli tisa tu, lakini unazijibu mara nne: kuhusu mama, kuhusu baba, kuhusu mpenzi, kuhusu rafiki wa karibu. Mtu mmoja anaweza kutoka na wasiwasi wa juu kwa mpenzi, ukwepaji wa juu kwa baba, na utulivu kamili kwa rafiki aliyesoma naye. Majibu yote manne ni yake na yote ni ya kweli. Mpenzi wake, akimtazama kutoka pale alipo, anaiona safu moja tu ya karatasi hiyo, tena ile aliyosaidia kuijaza.